Viatu Vilivyotazama Geti

Nakumbuka Jumamosi zile za kule Durban, mwanangu, miaka ile ya mwisho wa tisini, nilipowatoa wageni kwenye nyumba ya watu mbiombio kama anayefukuza mbuzi shambani. Nilidhani nawaokoa na aibu. Kaa kidogo nikueleze. Kalamu yangu huenda polepole, maana shule yangu iliishia msingi, lakini hufika.

Nilikuwa kijana kutoka Uvira, mwenye haya kiasi kwamba nikinunua mkate nilinyoosha kidole badala ya kusema. Mzee Kashindi, Mkongo mwenzangu, alikuwa na baiskeli za kukodisha karibu na ufukwe, akanipa kazi ya kuwaongoza watalii. Kila Jumamosi asubuhi tulipita kando ya bahari, kisha tukaupanda mlima wa Morningside. Tulihema, tukashuka na kusukuma pale miguu ilipokataa, hadi nyumbani kwa Mama Hanae, mjane wa Kijapani aliyebaki Durban baada ya mumewe kufariki. Watalii walikuja kwa mambo mawili: baiskeli zetu na chai yake.

Chai gani, mwanangu! Unavua viatu barazani, unakaa chini mkekani. Kwanza anakupa keki ndogo laini yenye maharagwe matamu ndani. Ndiyo, maharagwe yaliyotiwa sukari. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoonja. Tumbili wa mtaa ule walikuwa wameyajua kabla yangu, waliyaiba dirishani. Halafu inakuja chai ya kijani yenye povu, chungu kama dawa, ndani ya bakuli. Kabla ya kunywa unalizungusha bakuli kidogo mkononi, usije ukaweka mdomo kwenye upande wake mzuri. Nyumba nzima huwa kimya. Nami, niliyeogopa maneno, nilijisikia niko kwetu.

Ila jambo moja lilinichoma. Tukiwa ndani tunakunywa, Mama Hanae alitoka taratibu, akainama barazani, akavigeuza viatu vyetu vyote. Tulikuwa tumevivua vikitazama nyumba. Tulipotoka tulivikuta vinatazama geti. Kwetu, mwenyeji akikuelekezea viatu njiani hana haja ya kuongeza neno. Na mimi nilikuwa nimeshafukuzwa na vita nyumbani, na safarini nikafukuzwa kwenye vyumba nisivyoweza kuvihesabu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tena tulipoondoka alitufuata hadi getini, akasimama akitutazama. Nikasema moyoni: anahakikisha tumekwenda kweli.

Basi, kila nilipoona viatu vimegeuzwa, niliwaharakisha wageni. "Twendeni, twendeni, robot ya chini itatushika!" Robot ndiyo taa za barabarani kwa watu wa kule. Tuliteremka mlima bila hata mmoja kugeuza shingo.

Siku moja Mzee Kashindi alipanda kwa Mama Hanae kumtengenezea breki za baiskeli yake. Aliporudi alinikuta napaka mnyororo mafuta.

"Weye kijana, unawafanyia nini wageni kule juu?"

"Hakuna, Papa."

"Hakuna? Mama anasema mwisho wa mwezi anafunga mlango, hapokei mtu tena. Wageni wanamkimbia kama chai yake iko na sumu! Anafikiri amewakosea. Alikuwa karibu kulia mbele yangu, mama mzima."

Nikamweleza habari ya viatu. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ndipo akaniuliza, "Na yeye ulimuuliza?"

"Niliona haya, Papa."

"Haya! Kumuuliza uliona haya, kumhukumu hukuona haya. Umekuwa jaji bila shahidi. Jumamosi utamuuliza. Ukirudi na mdomo umefungwa, baiskeli yangu utaiacha hapa."

Jumamosi hiyo swali lilikuwa zito kuliko mlima. Wageni walipoanza kunywa nilitoka nje, nikamkuta Mama Hanae ameinama juu ya viatu, nikachuchumaa pembeni yake. Sauti ilinitoka kama tairi linalopoteza upepo.

"Mama, unatufukuza?"

Tulizungumza Kiingereza cha viraka, chake na changu. Hakuelewa. Nikaonyesha viatu, nikaonyesha geti. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka.

"Hapana, hapana! Mgeni asihangaike na viatu vyake mlangoni. Ninampangia, aingize mguu tu, njia iko mbele yake."

"Na pale getini?"

Akaipanga jozi iliyobaki. "Mpaka mpite ile kona ya chini, ninyi bado ni wageni wangu. Nikiingia ndani mapema, ni kama nimewafungia mlango mgongoni. Lakini hamgeuki. Kila Jumamosi nasimama, hamgeuki. Nikasema, basi, chai yangu ni mbaya."

Mwanangu, nilitamani kuingia ndani ya kiatu kimojawapo nijifiche.

Siku hiyo mimi, mtu wa kunyoosha kidole, niliwasimamisha wageni wote barazani nikawaeleza. Tukashuka polepole. Konani tukasimama, tukageuka. Alikuwa pale getini, mdogo kwa umbali, akainama hadi kiunoni. Nasi tukainama juu ya usukani, na mtalii mmoja mnene akainama mno, akaanguka na baiskeli yake. Tulimsikia Mama Hanae akicheka kutoka kule juu.

Mwezi ulikwisha, na mlango wake haukufungwa.

Jioni ya Jumamosi ile tuliyoinama, nilirudi mtaani kwetu Albert Park, kwenye chumba nilichokaa na Désiré, kinyozi wa Kirundi. Nikavigeuza viatu vyake vitazame mlango. Akaruka.

"Eish! Sasa mimi nimekosa nini? Chumba hiki ni changu pia!"

"Kaa, ndugu yangu, nikueleze." Nikamweleza mpaka ugali ukapoa. Aliniambia hakujua kama nina maneno mengi namna ile.

Mwanangu, wewe nawe utapita nchi za watu. Utakula vya kwao na kuvua viatu kwenye baraza zao, na siku moja kitu kitakuchoma. Usikipe maana ya kwenu kabla hujauliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na haya isiyouliza humuumiza hata aliyekupikia. Tena ukiagana na mtu, usiondoke kama aliyeponyoka. Fika konani, simamisha baiskeli, geuka. Huenda yupo bado amesimama.

Mungu akufikishe kwenye nyumba ambazo viatu vyako vitapangwa na mikono ya upole. Nyuma yako akuwekee mtu wa kukutazama hadi upite kona, nawe akupe shingo nyepesi ya kugeuka. Nenda salama.