Kaburi la Babu Ndani ya Hifadhi

Nilipokuwa mtoto, kwetu milimani juu ya Kisanga, mtoto mchanga akilia bila kukoma watu hawakuuliza amekula nini. Waliuliza kapewa jina la nani.

Mdogo wangu alikuwa na jina la babu, marehemu mume wa bibi, na kila asubuhi bibi alimtania, "Mume wangu, umeamkaje?" Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, mtoto akashikwa na homa. Mama alimpeleka zahanati, akapewa dawa, homa ikarudi. Bibi akasema, "Mwenye jina tumemwacha peke yake kule juu. Asipofagiliwa kaburi, atamchukua wajina wake."

Tukapanda, bibi na kibuyu cha pombe, mimi na unga na ufagio. Njiani tukakuta kibao kipya na askari wa misitu. Mlima wetu umetangazwa hifadhi! Askari mwenyewe umri wa wana wa bibi, na hata shikamoo hakutoa.

"Mama, rudi. Humu haruhusiwi mtu."

"Mwanangu, nafagia kaburi la mume wangu, nageuka sasa hivi. Mjukuu anaumwa."

"Ushenzi huo."

Akampokonya kibuyu, akaimwaga pombe yote njiani. Bibi akapiga magoti, akamwaga unga pale pale kwenye kibao, akamwita babu kwa Kisagara aje aupokee mpakani. Wiki hiyo hiyo tulimzika mtoto.

Najua, ni malaria. Nimesoma, msinifundishe! Na msitu ule nataka ulindwe, maana maji tunayokunywa yanatoka kule. Lakini nani aliutunza mpaka wao wakaukuta umesimama? Kumwita mshenzi mama wa watu, mjukuu yuko taabani! Hasira hiyo nimezeeka nayo, na sina haja ya kuitua.

Mwaka jana nilipanda tena, safari hii kwa kibali, pamoja na wageni wengine. Kijana aliyetuongoza, mpole tu, akatueleza, "Huu ni msitu wa asili kabisa. Humu hawajawahi kukaa watu."

"Ala! Kwa hiyo babu yangu alizikwa na nyani?"

Wenzangu wakacheka, wakidhani natania. Kijana akaniomba radhi, kisha akasema kutoka nje ya njia hairuhusiwi. Kaburi sikulifikia. Bibi hakudai msitu, jamani. Aliomba kufagia.