Mishale ya Antena na Jicho Lake

Mume wangu watu wanamwita Antena. Ni mrefu, ni mwembamba, na kazi yake ni kutengeneza redio, basi jina likamkaa. Sababu nyingine naijua mimi peke yangu: ukimsemesha akiwa amegeukia upande mwingine, hashiki kitu. Inabidi umzungushe kwanza.

Tunafanya kazi chumba kimoja, tumekigawa kwa kabati. Upande wa dirisha nashona mimi, upande wa mlango yeye anafungua redio. Kila asubuhi, kabla hajagusa bisibisi, huja kwangu kunitungia uzi kwenye sindano ya cherehani, maana macho yangu ya karibu yaliniaga zamani. Haniulizi, wala simwombi. Anautia mate, anautunga, anarudi kwake.

Kitu kingine anachokipenda ni upinde. Aliachiwa na mteja aliyekuwa anahama, upinde wa mbao mtupu, hauna kifaa chochote cha kulengea, na mshale unaulaza juu ya mkono wako mwenyewe. Jumamosi jioni yeye na mdogo wangu, kinyozi, huenda uani nyuma ya maduka kurusha kwenye gunia nililolijaza mabaki ya vitambaa. Nyuma ya gunia kuna ukuta wa matofali. Mshale ukikosa gunia, unakula ukuta.

Mishale yenyewe ni ya kaboni, myepesi, yenye uwazi ndani kama bomba, imenyooka kama rula. Lakini ikigonga ukuta, kichwani inachanika nyuzinyuzi. Siku moja mmoja uliokuwa na ufa asiouona ulipasuka akiuachia, na kibanzi kikamwingia chini ya kidole gumba. Nilikichokoa kwa sindano, naye, mtu mzima na kimo chote kile, akalia mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu akaja kuangalia.

Nikamwambia, “Baba watoto, ama uiimarishe mishale yako, ama hautoki mshale hapa ndani.”

Aliitikia tu. Lakini baadaye mtoto wa jicho akamzidi, jicho la kulia, lile analolitegemea. Akaenda kusafishwa. Daktari akasema apumzike: asiiname, asibebe kitu kizito, upinde asiuguse. Mtu mwenye mikono ya namna ile kumwambia akae tu ni kumfunga kamba. Basi akakumbuka neno langu, akaiteremsha mishale yote.

Nami nilikaa naye, nasema kweli, na zilikuwa siku tamu. Alichukua mshale mmoja mmoja, akaupinda kidogo karibu na sikio, akauzungusha, akaupinda tena. Uliotoa mlio wa kukatika aliuvunja palepale, asije mtu akaurusha. Kisha akatafuta antena za redio zilizokufa. Antena ni bomba ndani ya bomba, kwa hiyo hukosi saizi inayokaa juu ya mshale kama pete kidoleni. Alikata vipande kwa msumeno wa chuma, akalainisha kingo kwa tupa, akaukwaruza mshale kwa msasa ili gundi ishike, akauvisha kipete nyuma ya ncha. Hakuridhika. Akachukua bomba jembamba zaidi, akalishindilia ndani ya mshale pia. Mimi nikapewa mikia: nizungushie uzi wa nailoni, duara kwa duara bila nafasi, kisha nipake gundi.

Ilipokauka, alichukua mmoja akaupigiza ukutani kwa mkono. Ukuta ulimeguka, mshale haukutoa hata ufa. Tukacheka kama watoto. Akavisha yote, hakubakiza hata mmoja.

Daktari alipompa ruhusa, Jumamosi hiyohiyo tukaenda uani, mimi na kigoda changu. Antena akavuta, akaachia. Mshale ukapita pembeni mwa gunia, upande wa kulia, ukagonga ukuta ukaanguka mzima. Akarusha mwingine. Kulia tena, na chini. Mwingine, palepale. Akasimama kuangalia mkono wake kana kwamba ni wa kuazima.

“Shemeji,” kinyozi akamwambia, “gunia liko huku.”

“Naliona.”

“Basi mwambie mshale.”

Hakucheka. Akafumba jicho moja, akafumba la pili, akabadilisha miguu, akasogea mbele, akarudi nyuma. Yote upande wa kulia. Nikasema labda ni mishale. Nilisema tu, sikuwa na hakika na lolote.

Antena akampa kinyozi upinde. “Rusha wewe tuone. Kama ni mishale, itakwenda huko huko kulia.”

Kinyozi hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kunyoa, kula na kurusha. Akashika upinde kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto, akaachia. Mshale ukaenda kushoto. Wa pili, kushoto. Mdogo wangu huyu hata siku zake nzuri huwa ni bahati, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini Antena alikaa chini palepale.

“Umeona?” akaniambia. “Mishale ileile, kwake kushoto, kwangu kulia. Kosa si la mishale. Ni jicho.”

“Daktari amesema jicho ni zima!”

“Daktari hajawahi kurusha mshale.”

Kichwa kilinizunguka. Jicho limepona, mishale imenyooka, mkono ni uleule, na bado hakuna kinachofika. Usiku nilijaribu kupanga mambo kichwani, kila nikilipanga hili, lile linachomoka.

Jumatatu hakuja kunitungia uzi. Nikamwita.

“Mwombe mtu mwingine,” akasema kutoka upande wa pili wa kabati.

“Jaribu tu. Ukitunga, utajua jicho ni zima.”

“Na nikishindwa, nitajua nini?”

Mama mmoja akaja na redio, Antena akamwelekeza kwa fundi mwingine. Akaja kijana na spika, naye akarudishwa. Ndani ya redio kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, alisema, na mtu ambaye jicho linamwongopea kwenye gunia zima atawezaje kuliamini kwenye waya? Mwisho wa wiki akaniambia amekata shauri. Jumamosi atampa kinyozi upinde, na vyombo vyake vya kazi atavigawa.

Miaka yote nimelalamika juu ya upinde ule. Nimeuita mke mwenza mbele ya watu. Sasa anautoa, na mimi niliogopa, maana nilimwona amekaa kwenye benchi lake, mikono juu ya mapaja, haishiki chochote. Mume wangu mikono yake sijawahi kuiona imekaa.

Jumamosi mchana jua likanipiga usoni nikiwa nashona. Nikanyoosha mkono kuvuta pazia la dirisha, likakwama. Nikasimama kulikwamua, nikaushika ule ufito wake, nikabaki nimeukodolea macho. Ulikuwa mshale. Fimbo ya pazia ilivunjika siku nyingi, Antena akachomeka mshale kwenye misumari miwili, akasema ni kwa muda. Yaliyo ya muda katika nyumba hii, huwa yanazeeka nasi.

Niliutoa, nikaulaza juu ya kidole. Nimeshika mikia ya ile mingine kwa siku kadhaa, mkono wangu unaijua. Ile inaanguka kichwa mbele. Huu ulikaa, ukanesa kidogo tu. Maana ya hilo sikuijua. Nilijua tu kwamba huu haujavishwa kitu, na kwamba uani watu wameshafika.

Nilipofika, kinyozi alikuwa ameshika upinde kwa mikono miwili, uso umemshuka, kama aliyepewa mtoto wa watu. Nikampa Antena mshale.

“Huu wa wapi?”

“Wa dirishani. Haukuvishwa. Rusha.”

Aliuangalia, akautazama na ukuta. “Na huu ukienda kulia?”

Hapo nilimwelewa. Alikuwa hajui, na kutojua kulikuwa bado kunamwachia kijinafasi. Mshale huu ukikosa, hakuna tena cha kusingizia.

“Ukienda kulia,” nikamwambia, “nitakuwa nakushikia waya mimi, na sindano atatutungia mdogo wangu. Tutakosea sote watatu. Rusha, baba.”

Akachukua upinde. Nilitaka kufumba macho nikashindwa. Akavuta, akatulia, akaachia.

Gunia likatoa mlio mzito. Mshale ulikuwa katikati, kwenye kiraka chekundu nilichokishona mwenyewe.

Antena akachukua mmoja wenye kipete, akasimama vilevile, akarusha. Kulia. Akaenda kuung’oa ule wa pazia, akaulaza kwenye kidole, kisha akaulaza ule wenye kipete, ukatumbukia kichwa mbele. Akapiga goti, akaanza kucheka peke yake.

“Nimeutwika kichwa mzigo,” akasema. “Mshale ukitoka hupinda kidogo, ukaupita upinde, ndipo ujinyooshe. Huu kichwa ni kizito, unapinda kupita kiasi, unachepuka.”

“Na wangu mbona ulikwenda kushoto?” kinyozi akauliza.

Antena akauweka mshale ubavu mmoja wa upinde, halafu akauhamishia ubavu wa pili. “Mimi naulaza huku, wewe unaulaza kule. Kwangu unachepuka huku, kwako kule. Kosa ni moja, shemeji.”

Nilimfanya arudie tena, na bado sikushika vizuri. Kinyozi alishika kimoja tu.

“Kwa hiyo siku ile mimi nililenga sawa?” Akaukwapua mshale wa pazia. “Leteni huo upinde!”

Akavuta, akarusha. Mshale ukapita juu kabisa ya gunia, ukagonga ukuta, ukachanika kichwani kama ufagio. Tukajua kwamba kwa upande wake mishale ilisingiziwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Jumatatu nilikuwa dirishani bila pazia, jua lote usoni. Upande wa pili wa kabati nilisikia benchi likivutwa, na redio ya yule mama, sijui mume wangu aliifuata saa ngapi kwa fundi mwingine, ikikoroma kutafuta stesheni. Kisha Antena akaja na vipete vitatu vifupi, nusu ya vile vya kwanza, akauliza kama nina uzi mwembamba zaidi. Nikampa.

Akavitia vyote mfukoni, vipete na uzi. Halafu akainama kwenye cherehani yangu, akautia uzi mate, akaukosa mara ya kwanza kwa sababu ya haraka, akautunga mara ya pili, akarudi kwake.