Milimita Moja Pungufu

Kitabu cha matokeo cha chama cha wachezaji wa vita vya mezani kinaonyesha kwamba Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa tisa kasoro dakika kumi mchana, mwanachama mpya aliyeandikwa "Fundi Meno" alifungwa na Mfamasia katika raundi ya pili kati ya sita. Mchezo ulikuwa umeanza saa nane na nusu. Hakuna mchezo mfupi kuliko huo katika kitabu kizima. Pembeni Mfamasia aliongeza kwa mkono wake neno moja: "Hakupima."

Fundi Meno ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye meza mbili, taa ya shingo ndefu, sufuria ya nta, na mashine ya kung'arishia inayorusha vumbi la rangi ya waridi ukutani. Wagonjwa wenyewe yeye hawaoni. Anavijua vinywa vyao kwa nakala za plasta tu. Daktari akimrudishia kazi kwa sababu jino limezidi kwa unene wa karatasi, yeye huchukua kisu na kuanza upya. Mtu wa namna hiyo kuandikiwa kwamba hakupima ni tusi, na Mfamasia alilijua hilo alipoandika.

Chama hukutana katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna meza tano, vilima vilivyochongwa kwa povu la kufungashia majokofu, nyumba za makaratasi magumu, na kabati la vioo lenye kufuli. Kila mchezaji ana jeshi la sanamu zisizozidi kimo cha kidole gumba: askari wa mikuki, wachawi, wapanda mbwamwitu, majitu yenye pembe. Kila sanamu imesimama juu ya kitako cha duara. Wachezaji husogeza majeshi kwa zamu, hupima kila hatua kwa futi ya chuma, hurusha dadu kujua nani kapigwa na nani kapona, na baada ya raundi sita huhesabu waliobaki.

Jeshi lililo kwenye rafu ya tatu ya kabati hilo lina sanamu sitini na mbili. Zote alizitengeneza Fundi Meno. Alizichonga kwa nta, akazimimina kwa akriliki, plastiki ileile ya meno, akazipaka rangi zilezile anazotumia kulipatia jino jipya sura ya uzee. Ilimchukua jioni za miaka mitatu. Ukitazama jitu lolote kwa lenzi utaona lina meno, na meno hayo yana ufizi.

Anayelichezesha jeshi hilo ni aliyekuwa mumewe. Chamani wanamwita Bingwa, kwa kuwa ameshinda misimu minne mfululizo. Kazi yake ni mkaguzi wa magari; ndiye anayekataa gari barabarani kwa sababu tairi limelika milimita mbili kupita kiasi. Walipoachana, miaka miwili iliyopita, yeye alibaki na nyumba, mke akachukua kitanda na jokofu. Jeshi lilikuwa kabatini, na hakuna aliyelitaja. Mke alipokwenda kuliomba baadaye, Bingwa alimjibu akiwa bado ameshika futi yake.

"Zawadi hairudishwi," alisema. "Au nikurudishie na soksi?"

Mwenyekiti wa chama ni mpima ardhi, mtu mwembamba anayevaa ufunguo wa kabati shingoni. Alimweleza mama huyo kwamba sheria ya saba iko wazi: jeshi ni la anayelichezesha. Mwenye madai amshinde mwenye jeshi mezani, mara moja tu, na akishindwa asirudi kuuliza. Tena hawezi kumwita mwenzake mezani mpaka awe mwanachama aliyecheza michezo kumi na wazoefu, kwa jeshi la kuazima. Alipomaliza alimuuliza kama amewahi kushika dadu. Wachezaji waliokuwapo walicheka.

Dada yake mkubwa, mshonaji wa mapazia, alimshauri atengeneze nyingine. Fundi Meno alimjibu kwamba mtu ambaye meno yake yamo kwenye glasi ya jirani haambiwi akatafute mengine. Jumamosi iliyofuata alipanda ngazi za duka la vifaa.

Chamani mgeni hafundishwi. Huachwa avunje sheria, kisha huadhibiwa nayo. Mpima ardhi anasema aliyeambiwa husahau, aliyeumia hasahau, na husema hivyo kama mtu anayesoma kibao cha ofisini. Katika mchezo wa kwanza Fundi Meno alisukuma wapanda mbwamwitu wake kushambulia kwa kukisia kwa macho. Walipungukiwa upana wa kidole kumfikia adui. Alipotaka kuwarudisha, Mfamasia alimwekea kalamu mbele ya mkono.

"Kilichoguswa kimekwenda, dada."

Raundi iliyofuata wapanda mbwamwitu hao waliuawa wote, na vikosi vingine vikakimbia. Mfamasia alikusanya dadu zake. "Dozi ya leo imekwisha," alisema. "Rudi Jumamosi."

Alirudi na daftari, ingawa si kila Jumamosi mgeni hupata wa kucheza naye. Mchezo wa pili ulimfundisha kwamba kikosi kikipoteza nusu ya watu lazima kijaribiwe moyo kwa dadu, kuona kama kitakimbia, na kwamba asiyetangaza jaribio huhesabiwa ameshindwa. Katika mchezo wa tatu alimficha mchawi wake nyuma ya ukuta. Mpima ardhi aliinama mpaka shavu likagusa meza, akafumba jicho moja kama yuko nyuma ya darubini yake kazini, akatangaza kwamba kofia inaonekana. Kinachoonekana kinapigwa. Fundi Meno aliandika yote mawili, pamoja na tarehe na jina la aliyempiga.

Bingwa hakucheza naye, sheria haikumlazimu. Alikuwa akimaliza mchezo wake mapema, anavuta kiti na kukaa nyuma yake.

"Tatizo lako umezoea meno," alimwambia siku moja, kwa sauti ya kusikika meza zote. "Meno hayakimbii. Askari wanakimbia."

Hata aliyekuwa akifungwa meza ya tano alicheka. Fundi Meno alirusha dadu yake, akapata moja, akaendelea.

Kufikia Julai alikuwa anadumu mpaka raundi ya tano. Hakuna aliyempongeza. Walichofanya ni kuacha kumsubiri akosee na kuanza kumwinda, na kwa watu wale hiyo ndiyo heshima pekee wanayoitoa. Alifungwa michezo saba.

Siku ya mchezo wa nane, mwezi Septemba, alifungwa mapema akabaki kutazama meza namba tatu, ambako Bingwa alikuwa akicheza na Mfamasia. Katikati ya meza hiyo kuna nyumba mbili zilizogundishwa hapo, na kati yake kuna mlango wa sentimita kumi na nne na nusu. Kila kitako, kwa sheria ya chama, kina upana wa milimita thelathini. Mfamasia aliweza kupanga askari wanne katika mlango ule. Bingwa alipanga watano. Watano wakapigana na wanne, raundi baada ya raundi, na mwisho wa mchezo Mfamasia akalaumu dadu.

Fundi Meno alipiga hesabu kichwani. Watano wa milimita thelathini ni sentimita kumi na tano. Hawaingii. Kisha akakumbuka kwamba tangu Machi, kila alipopewa nafasi ya kuchagua, Bingwa alichagua meza namba tatu.

Jumatatu, kabla ya kazi za daktari, alitoa kwenye droo ya maabara kalibu ya zamani aliyomiminia vitako. Ilikuwa sahihi, milimita thelathini kamili. Halafu akafanya kile alichofanya miaka saba nyuma alipomimina jeshi lile: alichanganya unga wa akriliki na maji yake ya dawa mengi kupita kipimo, ili itiririke hadi kwenye kingo bila kuacha mapovu. Aliimimina, akaiacha ikauke. Kesho yake aliipima kwa kalipa, koleo la chuma analotumia kupima unene wa jino. Kitako kilisoma ishirini na nane na nukta nane. Akriliki yenye maji mengi husinyaa ikikauka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Kwenye meno asingethubutu. Kwenye vitu vya kuchezea vya mumewe alilipua kazi.

Alimweleza dada yake jioni ile, wakiwa wamekaa katikati ya vitambaa.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," dada mtu alisema, akakata uzi kwa meno. "Ila nani kakutuma ukawaonyeshe ulipojidunga?"

Kumshinda Bingwa mezani Fundi Meno asingeweza, na alilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Kumshitaki ni kusema mbele ya watu kwamba fundi wa meno amepunguza kipimo. Tena chamani kuomba kupima vitako vya mwenzako ni sawa na kumwita mwizi. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuomba. Alicheza mchezo wa tisa akafungwa. Wa kumi alitoka sare na Mpima ardhi, ambaye hakumpa mkono.

Mwanachama wa michezo kumi ana haki moja ambayo wageni hawana: kusoma daftari la sheria, lililoandikwa kwa mkono na kufungiwa kwenye droo ya mwenyekiti. Fundi Meno alilisoma akiwa amesimama, kurasa zote. Sheria ya kumi na moja ina mistari miwili. Inasema sanamu yenye kasoro ya kipimo haikai kabatini wala mezani, na hurudi kwa aliyeitengeneza mpaka airekebishe. Aliisoma mara ya pili, akalifunga daftari, akaandika ombi la kumwita Bingwa mezani tarehe 16 Novemba.

Siku hiyo walikuja wote. Bingwa alipanga jeshi lake meza namba tatu, mstari kwa mstari, akarusha dadu mbili hewani na kuzidaka.

"Karibu, mama. Leo nitakuacha ufike raundi ya tatu, kwa ajili ya zamani."

Fundi Meno alitoa kalipa kwenye mkoba wake, akaiweka mezani.

"Naomba kupima."

Mtu mmoja alisonya. Mfamasia alisema sasa mambo yameharibika, na kwamba mtu akishindwa kucheza huanza kutafuta mchawi. Mkono wa Bingwa ukabaki juu ya askari wa mstari wa mbele. Mpima ardhi alimwambia Fundi Meno kwamba akikuta vitako viko sawa, atafutwa uanachama leo hii. Yeye akasema anajua.

Kalipa ilisoma ishirini na nane na nukta nane. Mpima ardhi hakuiamini. Alitoa rula yake ya chuma, akapima mwenyewe, kimoja kimoja, vyote sitini na viwili, na kazi hiyo ikamchukua nusu saa. Hakuna aliyeketi. Mwisho alivua miwani.

"Nani alitengeneza hizi?"

"Mimi."

"Ulijua zimepungua?"

"Nimejua Septemba. Nilizidisha maji. Kosa ni langu, na liandikwe hivyo."

"Basi hata meno yako hayaaminiki," Mfamasia alisema. "Niambie mapema, dada. Ya mama mkwe wangu nayo yamepungua?"

Hakuna aliyecheka. Bingwa alisema hakujua lolote, kwamba yeye ni mchezaji si fundi, na kwamba atazirekebisha mwenyewe wiki hii. Mpima ardhi alimuuliza anakagua matairi kwa chombo gani kazini. Mwenyekiti alifungua droo, akatoa daftari, akasoma sheria ya kumi na moja kwa sauti, akachukua kalamu nyekundu na kufuta ushindi wa misimu minne katika kitabu cha matokeo, mstari kwa mstari, mwenye ushindi akitazama.

Fundi Meno alikuwa amekuja na maboksi manne ya plastiki, yale ya kusafirishia kazi za meno. Alizipanga sanamu ndani yake, akiweka pamba kati ya kila moja.

"Zinarudi lini?" Bingwa aliuliza.

"Zikikaa sawa."

"Na zisipokaa?"

"Zitakuwa bado ziko kwa fundi."

Bingwa alimgeukia mwenyekiti. Mpima ardhi alitazama tena ile mistari miwili, akasema sheria haina tarehe. Kisha akamgeukia Fundi Meno na kumwambia kwamba ameipata njia, lakini asidhani kuna mtu humu ndani aliyefurahi.

Alisema kweli. Bingwa amehamia chama kingine. Mfamasia hampeleki tena mteja kliniki, na daktari, aliyesikia habari hiyo dukani kwa Mfamasia, sasa hupima mara mbili kila kazi inayotoka chumba cha nyuma. Fundi Meno humsubiri amalize, kisha huirudisha kalipa mahali pake. Dada yake alipoyaona maboksi manne juu ya jokofu alisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, akaomba aonyeshwe lile jitu lenye meno.

Fundi Meno amekata kitako kipya kimoja, milimita thelathini kamili. Vingine hajaanza. Chamani bado ni mwanachama. Hakuna sheria ya kumfukuza, ingawa imetafutwa. Jumamosi ijayo, saa nane na nusu, anacheza na Mfamasia, meza namba mbili, kwa jeshi la kuazima.