Saini ya Jabez Pascoe

Wifi yangu Verna hatulii. Ukimkaribisha chai ataizunguka meza mpaka kikombe kipoe. Kwa miaka arobaini alitafuta kitu kimoja: saini ya Jabez Pascoe, mtu wa kwanza kuokota dhahabu kwenye kijito chetu hapa Grass Valley.

Saini za wenzake watatu waliochimba naye shimo moja alikuwa nazo tangu usichana. Zilibandikwa kwenye albamu, na ole wako uiguse kwa mikono yenye siagi. Ya Jabez ndiyo iliyomkosesha raha. Alipekua vitabu vya makanisa na masanduku ya wajane. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alimwambia aolewe na huyo marehemu yaishe.

Mwezi Mei makumbusho ya mji yakamwomba albamu kwa maonyesho. Akakataa kuitoa ikiwa na pengo. Akaanza tena kupiga simu huku na huko, akitembea jikoni kwangu hadi nikaihurumia sakafu.

Aliyeleta jibu ni Orrin Haskett, mshindani wake wa siku nyingi katika kukusanya saini. Alikuja na nakala ya ushahidi wa mahakamani ambamo Jabez alikiri hajui kuandika.

"Ulikuwa unatafuta hewa, bibie," Orrin alisema. "Jamaa alikuwa anachora X tu. Karani ndiye aliyemwandikia jina, nusu huku nusu kule ya hiyo X."

Verna akakaa. Uso ulimshuka mpaka nikaogopa.

Akatueleza kwamba saini zake tatu zilitoka kwenye karatasi moja, mkataba wa lile shimo, aliopewa na nyanya yake akiwa na miaka kumi na minne. Siku zile wakusanyaji wengi walifanya hivyo: unakata majina kwa mkasi, unayabandika, karatasi iliyobaki unatupa. Chini ya majina matatu palikuwa na X katikati ya mwandiko wa karani, ambao hakuhangaika kuusoma. Akadhani karani amekosea akafuta. Karatasi iliyobaki akaitia kwenye jiko la kuni.

Orrin hakumcheka. Alisema kwa sauti ya chini kuwa hata yeye amekata nyingi.

Verna akafungua albamu, akaisogeza dirishani. Chini ya saini ya tatu, ukingoni kabisa, mkasi ulikuwa umebakiza ncha mbili za juu za ile X, ndogo kama pembe za konokono.

"Ndiye huyu," alisema. "Kichwa ninacho. Mwili nimeuchoma mwenyewe."

Mume wangu alifungua mdomo atanie, nikamkanyaga mguu. Roho iliniuma.

Verna akaomba kalamu. Upande wa kushoto wa zile ncha akaandika Jabez, upande wa kulia Pascoe, na chini yake, kama walivyofanya makarani wa zamani, maneno mawili: alama yake.