Ritifaa Kwenye Benchi

Fundi seremala wa mtaa wetu alianza kujifunza Kiingereza kichwa kikiwa kimejaa mvi, na sababu ilikuwa wajukuu. Binti yake aliolewa ng'ambo, akazaa mabinti wawili, na watoto wale wakakua wakimwaga Kiingereza kama maji. Kwenye simu babu alisema "Halo," nao wakaitikia "Halo, Babu," kisha pande zote mbili zikabaki kusikilizana zikipumua.

"Hii si simu," alimlalamikia mkewe. "Hapa tunapimana mapafu tu."

Basi akajiandikisha kwenye darasa la jioni, kwa mwalimu kijana aliyefundisha watu wazima katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa. Alikaa mbele kabisa, penseli sikioni, kama yuko karakana.

Somo lililomteka lilikuwa la kumiliki. Mwalimu alieleza kwamba sisi hutaja kitu kwanza, mwenyewe baadaye: kiti cha babu. Kiingereza humtanguliza mwenyewe, kikamwekea ritifaa na herufi esi, ndipo kitu kikafuata: grandfather's chair.

"Ritifaa ndiyo nini?" fundi akauliza.

"Ile alama ndogo kwenye neno ng'ombe, mzee wangu."

"Alaa! Alama ya ng'ombe! Kumbe naijua tangu utoto!"

Tangu siku hiyo nyumbani hapakukalika. "Niletee fundi's chai!" alimwita mkewe.

"Kwani fundi's miguu imevunjika?" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Wateja nao hawakukawia kumbandika jina: Fundi Esi.

Ndipo binti yake akapiga simu kwamba wanakuja likizo. Fundi hakuilalia habari hiyo. Alichagua ubao mwekundu usio na kifundo, akatengeneza benchi dogo la watu wawili, na kwenye egemeo akachonga kwa patasi: THE GIRL'S BENCH. Hakumwonyesha mwalimu. Alitaka sifa zote ziwe zake.

Wageni walipofika, mjukuu mkubwa, ambaye husoma chochote chenye herufi hata kopo la rangi, alisoma egemeo, akakaa katikati na kutanua magoti. Akatamka jambo kwa Kiingereza. Mdogo wake akaangua kilio.

"Anasema nini?" fundi akashtuka.

Binti yake aliinama kutazama, akacheka hadi akashika mbavu. "Anasema benchi ni lake peke yake, Baba. Ritifaa umeiweka kabla ya esi, kwa hiyo msichana ni mmoja. Wakiwa wawili, esi inatangulia, ritifaa inakuja nyuma yake."

"Yaani mkwaruzo kama ukucha ndio umemnyima mjukuu wangu kiti?"

"Ndio huo huo, Baba."

Mbao hazina kifutio. Fundi alichanganya unga wa mbao na gundi, akaziba tundu la ritifaa, akangoja likauke, akapiga msasa. Kisha akamwita yule mdogo, ambaye bado alikuwa akivuta kamasi, akamshikisha nyundo huku yeye akiishikilia patasi. Wakagonga pamoja. Ritifaa ikatoka nene, imepinda kama jino la mamba, lakini ilikaa mahali pake, nyuma ya esi. GIRLS'.

Mkubwa alikuja akakagua. Akasoma kimyakimya, akasogea pembeni bila kuambiwa. Mdogo akapanda.

Fundi akaona sasa ndiyo nafasi ya kujaribu ulimi wake. "Where is grandfather's place?" akauliza.

Watoto walitazamana, wakacheka, wakaachia nafasi katikati. Akajipenyeza. Benchi likalia kwiii.

"Baba, utalivunja!"

"Nimeliunga kwa mikono yangu, najua linabeba nini," akajibu, akaegemea.

Walizungumza mpaka chakula kikapoa. Mkubwa alisema kwa Kiingereza, mdogo akafafanua kwa mikono, na fundi akaitikia "Yes, yes" kwa kila swali, hata alipoulizwa kama anaogopa paka.