Mahali Pakavu Mgongoni

Sijawahi kupanda farasi na sitapanda. Lakini kuna mwaka ambao mgongo wa farasi mmoja ulininyima raha kuliko watoto wangu wote watatu.

Mimi ni fundi wa sofa, komuni ya Tshopo, hapa Kisangani. Jirani yangu mfanyabiashara alileta farasi jike kwa boti kutoka Kinshasa, na mtaa mzima ukaacha kazi kumtazama. Baada ya miezi michache matakia ya chini ya tandiko yakasinyaa, akaniletea niyajaze upya. Kiburi kilinipanda kichwani. Nikatia sponji ngumu, nikashona, nikalipiga ngumi tandiko, halikubonyea. Kazi safi, nikajisifu.

Siku ya kwanza jirani aliporudi kutoka matembezini, nilimvua farasi tandiko mwenyewe. Mgongo ulilowa jasho wote, isipokuwa mahali pawili, kila upande wa uti wa mgongo, nyuma kidogo ya mabega. Pakavu kabisa. Kwa joto letu hili, nani asingedhani pakavu ndipo penye raha?

"Angalia, papa," nikamwambia jirani. "Hapa iko anapumua muzuri."

Wiki ya tatu farasi akaanza kulaza masikio akiona tandiko tu. Kisha akamng'ata jirani begani.

"Bon, mama," jirani akaniambia akijipangusa damu, "hii farasi iko na roho mubaya. Samedi nitamupanda tena. Akiniluma, nitamupeleka kwa bouchers, bamuchinje."

Toka hapo sikutulia. Niliacha viti nusu nusu, nikawa napita uani kwake asubuhi na jioni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nilipitisha vidole viwili mgongoni kwa farasi, nikibonyeza taratibu. Nikifika pale pakavu, alibonyea mgongo na kupiga kwato chini. Nzi, nilijiambia. Kila siku nilisema ni nzi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, mtunza farasi, mzee tuliyemwita tonton, aliyekuja na farasi kwenye boti, alisimama kando akaangalia vidole vyangu.

"Mama, fasi haitoke jasho njo fasi tandiko inafinya," akasema, kidole chake pale pakavu. "Njo wewe ulishona?"

"Njo mimi."

"Donc sema mbele ya samedi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hapa kifo kilikuwa cha mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaenda sokoni, nikanunua samaki nisiowahitaji, nikarudi, nikatoka tena.

Ijumaa asubuhi nilimkuta jirani anakula. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliacha tonge mkononi.

"Mama," akasema, "nilitaka kumuchinjisha juu ya kosa ya sofa?"

Siku hiyo hiyo nilichana matakia na kutoa sponji yangu yote. Nilipoyajaza tena, nilitia sufi laini, tonton akinisimamia kama mwalimu. Farasi alipumzishwa miezi miwili.

Manyoya yaliyoota pale palipofinywa ni meupe, mabaka mawili yenye ukubwa wa kiganja changu. Wageni wakiuliza, jirani huwaambia, "Alizaliwa nayo," bila kunitazama. Bado naenda kila Jumatatu na vidole vyangu viwili. Habonyei tena mgongo, na tonton anasema amepona. Lakini mkono wangu ukikaribia, kabla sijamgusa, ngozi ya pale peupe hutetemeka.