Wiki Moja Chiba, Nyumbani kwa Bibi Fumi

Kwenye fomu niliandika kwamba naenda Japani kudumisha urafiki wa miji dada. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilitaka kulala wiki moja bila kutega sikio bafuni. Mama yangu, niliyemleta kwangu Pearland, karibu na Houston, kutoka Wundanyi, Kenya, baada ya baba kufariki, alikuwa ameteleza na kuanguka akioga. Daktari akasema asioge tena peke yake. Mimi ni muuguzi. Kila siku naogesha wazazi wa watu kule hospitalini Houston. Wangu akanikataza kumgusa. "Mtoto haoni uchi wa mamake," alisema. Nikaajiri mwanamke wa kumsaidia. Alikuja siku mbili, ya tatu mama akamfungia mlango. "Ukiniletea mwingine, nikatie tiketi nirudi kwetu." Na hakuwa anatania.

Houston na Chiba ni miji dada tangu zamani. Mwaka huu kamati yetu ya urafiki huo ilitafuta wauguzi na walimu wa kwenda kukaa na wenyeji, nami nikajiandikisha kabla sijapata muda wa kuogopa. Mdogo wangu Mkawasi aliendesha gari kwa saa nne kutoka Grand Prairie kuja kukaa na mama.

"Nimetake off wiki nzima," aliniambia. "Wewe enda. Huyu mama yako tutasumbuana tu."

"Usimwache aoge kama umelala."

"Sister, go."

Jumatatu asubuhi tuliruka kutoka Houston. Zaidi ya saa kumi na tatu hewani, na tulipotua Narita ilikuwa tayari Jumanne alasiri. Jumatatu yangu sijui iliishia wapi. Kutoka hapo ni treni mpaka Chiba, ambako Noriko alinisubiri kituoni ameshika karatasi yenye jina langu, Wakesho, limeandikwa bila kosa. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, kwa hiyo hatukukosa lugha. Aliishi na mama yake, Bibi Fumi, mwenye miaka tisini na moja. Mkono mtupu haulambwi. Niliwapelekea kahawa ya Kenya na njugu za pekani za Texas. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona aibu, nami nikainama zaidi.

Jioni hiyo ndipo nilipoharibu. Noriko alinionyesha bafu. Unakaa kwanza kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza kabisa, kisha ndipo unaingia kwenye beseni kubwa la maji moto. Mgeni huoga wa kwanza. Nilifanya yote hayo. Lakini nilipotoka majini nikafikiria: yule bibi ataingia baada yangu. Nimwachie mama wa miaka tisini na moja maji niliyokalia mimi? Kwetu hata kwa wazo hilo ningepigwa. Nikazibua, nikamwaga maji yote, nikachukua sabuni na kulisugua beseni kama tunavyosugua wodini.

Nilipofungua mlango Bibi Fumi alikuwa amesimama nje, taulo mkononi, akisubiri zamu yake. Noriko alichungulia ndani. Maji yale, alinieleza taratibu, ni ya nyumba nzima. Yanakaa safi kwa sababu kila mtu hujisafisha kabla ya kuyaingia. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akasema neno, Noriko akacheka na kunitafsiria: "Anasema tangu aolewe hapa, beseni halijawahi kusuguliwa hivi."

Jumatano walinitembeza mji. Chiba una treni inayoning'inia chini ya reli yake, angani, juu ya barabara na magari. Nilipanda nikiwa nimeshika chuma kwa mikono yote. Watoto wa shule walikuwa wamesinzia. Tulishuka kwenye bustani yenye bwawa la mayungiyungi ya rangi ya waridi. Inasemekana yalitokana na mbegu zilizochimbuliwa ardhini baada ya miaka zaidi ya elfu mbili, zikapandwa na kuota. Nilikaa pale muda mrefu. Mtu ukitoka wodini, kitu kikongwe kinachokubali kuchanua kinakugusa.

Alhamisi ilikuwa ya bahari. Tulipanda mnara wa vioo ulio bandarini, tukaitazama Ghuba ya Tokyo na meli zake. Siku ikiwa safi, mlima Fuji huonekana ng'ambo. Sisi tulioneshwa ukungu. Kisha ufuo wa Inage, ambao mchanga wake ulimwagwa na watu baada ya ufuo wa zamani kufukiwa. Nyuma yake kuna misonobari, na wazee wanatembeza mbwa. Njiani tulinunua njugu karanga, maana mkoa huo wa Chiba unasifika kwa njugu. Wanazichemsha na maganda yake kama sisi. Nilikula mfuko mzima, nikanunua mwingine wa mama.

Jioni hiyo mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo. Bibi Fumi alikaa kwenye kigoda, taulo limemfunika mbele. Noriko, na nguo zake zote, amepiga magoti nyuma yake akimsugua mgongo. Walikuwa wakizungumza mambo yao ya jikoni.

Baadaye nilimuuliza alimshawishi vipi.

"Alikataa miaka miwili," Noriko alisema. "Mwisho nikamwomba mgongo tu, kwa sababu mkono wake haufiki. Mengine anajifanyia mwenyewe. Mimi nipo tu karibu."

Pamoja na miaka yangu yote ya uuguzi, mimi nilikuwa nimemwomba mama anipe mwili mzima.

Jumapili nilirudi Pearland. Mkawasi aliniambia mama ameoga kwa kitambaa jikoni wiki nzima, mlango umefungwa kwa kiti. Nilimpa mama njugu, nikamsimulia treni, mayungiyungi, na jinsi nilivyomwaga maji ya watu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hapo nikamwambia habari ya mgongo.

Alimenya njugu tatu.

"Na huyo mama alikubali?"

"Alikubali."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisini na moja."

"Basi ni mkubwa wangu," alisema. "Funga pazia."

Alikaa bafuni kwenye kiti cha plastiki, ndoo ya maji moto kando, kanga imemfunika mbele. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na mikono yangu, iliyoosha mamia ya watu, iliusugua polepole. Mengine alijiosha mwenyewe, mimi nimegeukia ukuta.

Nikadhani tumemaliza. Mama akajifunga kanga kavu, akasimama polepole akinishikilia bega, akasukuma kile kiti kwa mguu.

"Kaa."

"Mama, mimi nimeshaoga."

"Sikukuuliza. Mimi siogeshwi bure. Toa hiyo blauzi."

Nina miaka hamsini na nywele zinaanza kuota mvi. Nilikaa, nikainamisha kichwa, na mama akanisugua mgongo mpaka maji yakapoa.